Subaru yangu inakula tairi upande wa ndani tu. Nishaurini kabla sijanunua mengine

#1 Mwana wa Shela (mwenye uzi)

Salaamu aleikum wanajukwaa, na wengine wote hamjambo.

Nipo Malindi, mtaa wa Shela. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, gia za mkono, niliyonunua mwaka jana kwa mtu wa Mombasa. Ilikuja na springi fupi tayari, imelala chini kama paka anayevizia panya, nami nikaipenda hivyo hivyo. Kazi hunipeleka Mombasa mara mbili kwa wiki, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi.

Miezi minne iliyopita niliweka matairi mawili mapya mbele. Juzi nikapata pancha pale Gede. Kijana wa pancha akalivua tairi, akaligeuza, akaniita nije nitazame. Upande wa ndani waya ziko nje zinang'aa. Upande wa nje tairi lina meno kama limetoka dukani. Nikipiga hesabu, limetembea kilomita 7,600 tu. Na siku zote hizo kila asubuhi nililisifu gari langu kwa kulitazama nje.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu, nimefanya mara mbili, karakana mbili tofauti. Kote wakaninyooshea usukani, dakika kumi na tano, lete pesa, kwaheri. Karatasi ya vipimo sikupewa.

Mbele nina 215/45R17, nyuma nilikuta 225/45R17. Muuzaji aliniambia "ni sawa tu, zote ni kumi na saba". Nataka kujua ninunue tairi gani, na alaimenti niiweke namba ngapi. Ila jambo moja mniachie: gari hili linaingia kona kama kisu kwenye papai. Ukigusa usukani limeshageuka. Hilo sitaki kulipoteza.

#2 Dereva wa Usiku

Uza ununue Probox. Mimi mara ya mwisho kununua tairi sikumbuki.

#3 Mwana wa Shela

Probox haingurumi vile, yakhe.

#4 Fundi wa Barani

Mwanangu, usinunue tairi hata moja bado. Ukiweka mapya leo juu ya hali hiyo, baada ya miezi minne tutakutana hapa hapa.

Kwanza chukua lile tairi bovu, au lile la upande wa pili ambalo halijatoboka. Pitisha kiganja juu ya meno yake kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha kutoka ndani kwenda nje. Mkono ukiteleza safari moja na kukwaruzwa safari ya pili, kama unapapasa msumeno, basi huyo ni tou. Ikiwa ni laini kote na limekwisha tu kwa mshazari, hapo kemba ina sehemu kubwa zaidi. Angalia uniambie.

Kwa wasomaji wengine: tou ni namna magurudumu mawili yanavyotazamana ukiyaangalia kutoka juu. Sehemu za mbele zikikaribiana, yameingia. Zikiachana, yametoka, kama miguu ya bata. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukisimama mbele ya gari. Kichwa cha gurudumu kikiinamia ndani, hiyo ni kemba hasi. Kasta ni mwegamo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka unapokata kona, na ndiyo inayourudisha usukani katikati ukiuachia. Kwenye WRX hiyo kiwanda hakikuweka pa kurekebishia kasta, kwa hiyo tusiipotezee muda.

Watu wengi hudhani kemba ndiyo mla tairi kwa sababu huonekana kwa macho. Gari limeinama magurudumu, basi lawama zote kwake. Kemba hula, ndiyo, lakini polepole. Tou ndiyo mchawi wa familia: haonekani, na kila mtu anamsalimu.

Sasa hizo springi fupi. Gari likishushwa, mkono wa chini wa gurudumu, ule tunaouita loa-amu, hupanda. Tairodi, ile fimbo inayoligeuza gurudumu ukikata usukani, nayo hupanda. Lakini kila mmoja huchora upinde wake na pinde hizo hazilingani, hivyo tou iliyokuwa sawa hubadilika bila mtu kugusa nati hata moja. Kemba nayo huzidi kuwa hasi. Aliyekuuzia alibadilisha springi, ila sidhani kama alikanyaga kwenye mashine ya alaimenti baada ya hapo.

La pili, na hili nakuomba ulifanye kabla ya lolote: inua gari, ukague bushi, yaani raba ya maungio, ya nyuma ya loa-amu za mbele, pande zote mbili. Kwa gari la umri huo, kwenye joto letu na chumvi hii ya bahari, raba zile hupasuka. Chukua mtaimbo, sukuma taratibu, utazame kama raba imeachana na chuma. Shika na tairodi uzitikise. Bushi ikiwa imekufa, mashine hupima gari lililolala. Likiamka, ukikanyaga breki, mkono unarudi nyuma na vipimo vyote vinahama. Ndiyo maana umefanya mara mbili na hujaona tofauti.

#5 Mpenda Rali

Fundi heshima yako, lakini kemba usiidharau. Magari ya mashindano ya lami yanawekwa digrii mbili, tatu hasi, na yanashinda. Nani asiyejua Colin McRae alivyobeba Safari Rally ya 1997 na Impreza? Hizi gari zimezaliwa kwa kona. Mwana wa Shela, weka digrii mbili na nusu mbele, utanishukuru.

#6 Fundi wa Barani

Mpenda Rali, hao wana lori zima la matairi nyuma yao, na fundi wa kila gurudumu. Huyu ana safari ya Mombasa Jumanne na Alhamisi. Ukitoka Gede, barabara inafuata msitu wa Arabuko-Sokoke imenyooka kama uzi wa mshoni. Gari lenye kemba ya digrii mbili na nusu kwenye mnyoofu huo linatembelea ukingo wa ndani wa tairi saa nzima, halafu linapata kona nne za kufaidi. Na hiyo Safari Rally ilikuwa ya vumbi na mawe, siyo lami.

Kemba hasi kwenye kona ina kazi kweli, sipingi. Gari likilala upande, tairi la nje husimama wima na kushika kwa upana wake wote. Lakini weka kiasi unachotumia.

#7 Mwana wa Shela

Nimepapasa. Kwenda ndani linakwaruza, kurudi linateleza. Msumeno kabisa. Wallahi nimeshangaa, miezi minne nalipitia na sijawahi kuligusa.

#8 Kusi na Kaskazi

Nami niseme kidogo, maana niliuza tairi miaka tisa kabla sijarudi kwenye mambo ya boti.

Ndugu yangu, hizo saizi mbili tofauti mbele na nyuma zinanitisha kuliko waya zilizotoka. 215/45R17 maana yake upana ni mm 215, ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Kipenyo chake kinatoka karibu mm 625. Ile 225/45R17 inatoka karibu mm 634. Unaona ni mm 9 tu, muuzaji anakuambia ni sawa. Sasa fanya mzingo: tofauti ni kama mm 28. Kila kilomita, tairi la mbele linazunguka mara saba zaidi ya la nyuma. Kufika Mombasa ni karibu mizunguko 870 ya ziada, kila safari.

Kwenye gari la kuvutwa mbele tu hilo lisingekuwa neno. Lakini WRX yako inavutwa na miguu yote minne, na katikati kuna difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, yenye kifungio cha mafuta mazito ambacho kazi yake ni kuzuia mbele na nyuma zisipishane. Umekilazimisha kipambane tangu Shela mpaka Nyali bila kupumzika. Subaru wenyewe husema tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi takriban mm 6. Wewe una 28! Ukikata kona kali polepole kwenye maegesho, gari halijisikii kama linashikwa breki?

#9 Mwana wa Shela

Linashikwa. Nilidhani ni tabia ya Subaru.

#10 Kusi na Kaskazi

Tabia yake ni kula mafuta. Hiyo nyingine ni ya kwako.

Nunua manne, saizi moja, aina moja, siku moja. Ukija kupata pancha isiyozibika siku za usoni, usiweke jipya moja pamoja na matatu yaliyochakaa. Na zungusha, mbele kwenda nyuma, kila kilomita 8,000 au karibu na hapo, yaishe kwa pamoja.

Kuhusu kuchagua, soma ubavu wa tairi kabla ya kusoma bei. Ukiona 91V, ile 91 ni uzito: kilo 615 kwa kila tairi. V ni mwendo, kilomita 240 kwa saa. H ni 210, W ni 270. Utaniuliza nani anakwenda 240 pale Gongoni. Hakuna, na matuta hayamruhusu. Lakini kinachoua tairi kwenye mwendo ni joto, na tairi lenye herufi ya juu limejengwa kustahimili joto zaidi. Kwa gari lenye tabo, pwani, mwezi wa Februari, lami ya saa saba mchana ukitembea peku utarudi mbio. Usishuke chini ya V.

Kisha tafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Maduka mengi huyapanga matairi nje barazani, jua na upepo wa chumvi vikiyapiga mwaka mzima. Meno yako salama, raba imekuwa gome. Ukikunja ubavu kwa dole gumba ukaona nyufa nyembamba kama nywele, rudisha, hata likiwa na vile vinyweleo vya kiwandani.

Namba nyingine ni ya uchakavu, huandikwa TREADWEAR. 200 ni raba laini, inashika sana na kuisha haraka. 500 ni ngumu, itadumu, lakini kwenye mvua utaomba dua. Kwa matumizi yako ningekaa karibu na 300.

#11 Binti Mambrui

Na yale mtumba ya Japani je? Kuna mtu ananiuzia seti nzuri sana, meno marefu.

#12 Kusi na Kaskazi

Dada, meno marefu yenye vikato vidogo vidogo vingi kama mistari ya kiwembe? Angalia ubavuni kama pameandikwa STUDLESS, au pana mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji. Magari mengi ya Japani huja nayo. Hayo ni ya theluji, raba yake imefanywa iwe laini kwenye baridi kali. Huku kwetu inakuwa kama ubani uliotafunwa. Ukifunga breki meno yanajikunja na gari linaendelea na safari. Mwambie akauze Hokkaido.

#13 Binti Mambrui

Haya, ahsante. Umeniokoa.

Na mimi nichangie la rimu, maana huenda Mwana wa Shela akashawishiwa aende inchi 18. Nina Golf GTI. Niliitoa kwenye 225/45R17 nikaweka 225/40R18, nikapiga picha kwenye ufuo wa Mambrui, nikapendeza. Ubavu wa tairi ulitoka mm 101 ukabaki 90. Hizo mm 11 zimenipotezea rimu mbili: moja kwenye shimo upande wa pili wa daraja la Sabaki usiku, nyingine kwenye tuta lisilo na rangi. Ya kwanza ilipinda nikaigongesha, ikawa inatetemesha usukani nikifika 90. Nikalipa alaimenti. Ikaendelea kutetema. Nikalipa tena.

#14 Fundi wa Barani

Kwa sababu mtetemo si kazi ya alaimenti, dada yangu. Usukani kutetemeka kati ya 80 na 100 ni balansi, yaani uzito wa gurudumu usio sawa pande zote, au rimu iliyopinda, au tairi lenye uvimbe. Alaimenti mbovu huvuta gari upande, au hupindisha usukani wakati gari linakwenda sawa, au hula tairi. Haitetemeshi. Watu wanalipa hii kwa ugonjwa wa ile kila siku.

Na kabla hujalipia gari linalovuta upande, badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto, kama si yale ya kuzunguka upande mmoja tu. Likianza kuvuta upande wa pili, shida iko ndani ya tairi lenyewe.

#15 Mpenda Rali

Upepo je? Mimi naweka psi 38 kote, gari linakuwa jepesi.

#16 Fundi wa Barani

Jepesi, na linakula katikati. Tazama matairi yako. Upepo mwingi hula katikati, upepo mchache hula kingo zote mbili. Fuata kibandiko cha mlango wa dereva, ongeza mbili ukiwa na abiria na mizigo. Na pima asubuhi, kabla jua halijaupiga ubavu mmoja wa gari. Kila joto likipanda kama digrii tano na nusu, upepo hupanda psi moja. Sasa mtu anatoka Mtwapa, tairi linachoma, anafika kituo cha mafuta anaona 38, anapunguza hadi 33. Kesho alfajiri ana 28 na hajui.

Wenye kuingia mchangani kupunguza, hiyo ni halali, lakini jazeni kabla ya kurudi lami. Nimeona mtu katoka Mayungu na 18 akaenda nayo mpaka Kilifi. Tairi lilitoka limepikwa.

#17 Kusi na Kaskazi

Niongeze la mvua halafu nanyamaza. Tairi jipya lina mitaro ya kama mm 8. Ikifika 3, katika masika ya mwezi wa tano, halina tena pa kuyapeleka maji, na tairi pana ndiyo huelea mapema zaidi. Usisubiri kipara.

#18 Mwana wa Shela

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nakusanya nguvu za mfuko.

Fundi wa Barani, nilikwenda kwa fundi mmoja wa huku, mzee mtulivu. Bushi ya loa-amu ya kulia imeachana kabisa, raba inacheza ndani kama jino la mtoto. Ya kushoto ina ufa. Tairodi ya kulia nayo imekwisha. Tumebadilisha zote, kisha matairi manne 225/45R17, 94W, ya mwaka huu. Halafu nikaenda kwenye mashine Mombasa nikasema nataka karatasi ya kabla na ya baada, la sivyo siteremki garini. Wakanitazama vibaya, lakini wakanipa.

Kabla: tou ya mbele imetoka mm 7 kwa jumla. Kemba kushoto hasi 1.4, kulia hasi 1.9.

#19 Fundi wa Barani

Saba! Ngoja nikufanyie hesabu uone. Saba kwa jumla ni tatu na nusu kila gurudumu. Kwa tairi la mm 634, kila kilomita moja unayokwenda mbele, tairi linaburutwa kiubavu mita tano na nusu. Safari moja ya Mombasa ni mita 660. Kwa zile kilomita zako 7,600, kila tairi la mbele limeburutwa kilomita 42 kiubavu. Wewe ulidhani lingebaki nini?

#20 Mwana wa Shela

Haya, sasa swali lililonileta. Baada: tou ya mbele sifuri, kemba hasi digrii moja pande zote mbili, nyuma tou imeingia kidogo, mm 1 kila upande. Kemba ya nyuma haina bolti ya kurekebisha, ikabaki hasi 1.5. Walipima nikiwa nimekaa kwenye kiti, tangi nusu.

Gari limetulia. Pale msituni nilikuwa nashika usukani kwa mikono miwili, nalirudisha kila mara, nikadhani ni upepo wa kusi. Sasa linakwenda lenyewe. Kwenye maegesho halishikwi tena.

Lakini kile kisu kwenye papai hakipo. Linageuka vizuri, linashika kuliko zamani, ila ule mguso wa kwanza umepungua. Mmenipa gari la mtu mzima.

#21 Fundi wa Barani

Mwanangu, kisu chako ndicho kilikuwa ugonjwa wako. Tou iliyotoka hufanya gurudumu la ndani ya kona liwe limeshageuka kabla hujauliza, ndiyo maana lilikuwa jepesi kuingia. Kwa hiyo hiyo, kwenye mnyoofu linatangatanga na kula ukingo wa ndani. Ulilipenda gari kwa homa yake.

Ukitaka kurudisha kidogo bila kuumiza matairi, bolti ya juu inayoshika shoki ya mbele ya Impreza ni ya kurekebisha kemba. Nenda hasi 1.3, pande zote sawa. Tou iache sifuri, usithubutu. Kaa nayo miezi miwili, papasa matairi kila mwisho wa mwezi, uniambie.

#22 Mpenda Rali

Na baa nene ya nyuma je, ile ya kuzuia gari kulala? Si itarudisha ule mguso?

#23 Fundi wa Barani

Itasaidia. Fungua uzi wake, huu umejaa.

#24 Dereva wa Usiku

Bei ya yale manne ni ngapi? Mbona hasemi?

#25 Mwana wa Shela

Nitumie ujumbe wa faragha, mke wangu anasoma hapa.

Yale ya zamani mawili ya mbele nimempa mvuvi wa hapa mtaani ayafunge ubavuni mwa mashua yasaidie ikigonga gati. Akaligeuza moja, akatazama upande wa ndani, kisha upande wa nje, akaniuliza: "Hili ulikuwa ukienda nalo kombo?"

#26 Dereva wa Usiku

Sijapata ujumbe.